Askari wa kulipiwa na halmashauri: ni wa nani?

Mtu akiporwa simu kituo cha basi hampigii waziri. Anamfuata diwani wake, na diwani ndiye anayesimamishwa sokoni kuulizwa kwa nini vibaka wametamba. Ndiyo maana sishangai halmashauri nyingi za London zilianza kuingiza mkono mfukoni. Kifungu cha 92 cha Sheria ya Polisi ya Uingereza ya 1996 kinaziruhusu kulipa polisi ruzuku, na katika muongo uliopita jiji hilo lilikuwa na mpango ambao halmashauri ikilipia askari mmoja, jeshi la polisi linaongeza wa pili. Ulikuwa wakati wa ukata: kati ya 2010 na 2018 England na Wales zilipoteza askari wapatao 20,000.

Je, askari wa ziada wanasaidia? Wakitumika vizuri, ndiyo. Kiangazi cha 2009, polisi wa Philadelphia, Marekani, walipeleka askari wapya kutembea kwa miguu katika maeneo 60 yenye ghasia nyingi. Uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua kwa asilimia 23 ukilinganishwa na maeneo yasiyopelekewa askari. Doria zilipokoma, nafuu nayo ikayeyuka. Kwa hiyo halmashauri inayolipia askari mwaka mmoja ili kupendeza wapiga kura inanunua utulivu wa mwaka mmoja.

Kinachonisumbua zaidi ni amri. Mshahara umelipwa na halmashauri, lakini anayempangia askari kazi ni kamanda wake. Yakitokea maandamano makubwa katikati ya jiji, askari wa kata anapakiwa kwenye gari na kwenda huko, na mtaa uliomlipia unabaki na vibaka wake. Hammersmith na Fulham, mojawapo ya halmashauri za London, ilijaribu njia nyingine mwaka 2021: iliunda kikosi chake cha watu 72, waajiriwa wa halmashauri. Hawana mamlaka ya polisi, ila wanatoza faini na kushika doria, na hakuna kamanda wa polisi anayeweza kuwahamisha. Kwangu hilo ni jibu la kweli kwa kero ndogondogo. Kwa mwizi mwenye kisu, bado anahitajika polisi.

Wapo wanaolalamika kwamba mkazi analipa mara mbili, kwa kuwa kodi yake ya halmashauri tayari ina sehemu ya polisi inayokwenda kwa Meya wa London. Wana haki. Lakini kuna hoja nzito kuliko hiyo: pesa ya askari imechotwa wapi? Katika miaka hiyohiyo ya ukata, karibu theluthi moja ya vituo vya vijana vya London vilifungwa. Taasisi ya utafiti wa fedha za umma ya nchini humo, IFS, ilichapisha mwaka 2024 uchunguzi ulioonyesha kwamba vijana waliopoteza kituo cha karibu walikuwa na uwezekano wa asilimia 14 zaidi wa kutenda uhalifu, na kwamba kila pauni 1 iliyookolewa kwa kufunga vituo iliigharimu jamii karibu pauni 3. Halmashauri iliyofunga kituo kisha ikaajiri askari imelipia ugonjwa ilioununua yenyewe.

Nayasema haya nikiwafikiria wa Dar es Salaam na Mwanza. Kwetu Jeshi la Polisi ni la taifa, na kaya nyingi huchangia ulinzi shirikishi kwa mwenyekiti wa mtaa, wengine wakichangia kwa shida. Siku madiwani watakaposema tuongeze askari kwa mapato ya ndani, fungu la kwanza kutazamwa kwa jicho la tamaa huenda likawa lile la asilimia 10 ya mapato hayo linalotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Kijana aliyekosa mtaji wa bodaboda na kibaka wa usiku wanaweza kuwa mtu yuleyule.

Sipingi askari. Mama anayefunga genge saa mbili usiku kwa hofu hawezi kuambiwa asubiri vijana wapate ajira kwanza. Lakini diwani anayeleta hoja hiyo aje na karatasi mbili: makubaliano yaliyosainiwa na kamanda kwamba askari hatolewi katani bila taarifa, na ukurasa wa bajeti unaoonyesha fungu lililopunguzwa. Akija bila ule ukurasa, ningemwomba airudishe hoja yake ofisini.