Anayeuliza kuhusu chanjo si mshamba

Chanjo mpya ikiingia, uvumi wa kwanza huwa ule ule: inafunga uzazi. Kenya, mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49, wakidai imetiwa hCG, homoni ya ujauzito, ili wanawake wasishike mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Tanzania nako, chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, maneno ya mitaani yakawa hayo hayo.

Wanangu nawachanja na nitaendelea kuwachanja. Ila inaniuma mzazi mwenye shaka anapoitwa mshamba. Mtu huyu akienda zahanati na mtoto ana homa, anaandikiwa dawa akanunue mwenyewe. Halafu siku moja gari linafika hadi shuleni, sindano ni bure, na wanaoitwa ni wasichana peke yao. Akiuliza kulikoni, ametumia akili. Tena uvumi wenyewe una chembe ya kweli: India, Profesa G. P. Talwar na wenzake waliwahi kutafiti chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha sehemu ya homoni ya hCG na kiambato cha chanjo ya pepopunda. Ulikuwa utafiti mwingine kabisa, si chanjo ya kampeni ya Kenya, lakini aliyepata nusu ya habari hujazia iliyobaki kwa hofu.

Halafu kuna lile la moyoni. Mtoto ambaye hakuchanjwa akiugua surua, watu husema ni mipango ya Mungu. Aliyechanjwa akichemka usiku baada ya sindano, mama anajilaumu: mimi ndiye niliyempeleka. Lililofanywa kwa mkono wako huuma kuliko uliloacha kulifanya, hata kama hatari kubwa iko kwenye hilo uliloliacha. Isitoshe, surua mama huyu kijana huenda hajawahi kuiona, kwa sababu chanjo imeipunguza mno. Joto la mwanawe analishika kwa kiganja.

Niliwahi kumsikia mama mmoja akimuuliza nesi, "Dada, mbona wasichana tu, wavulana je?" Akajibiwa, "Mama, unataka hutaki? Wenzio wanasubiri." Akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Jibu lenyewe halifiki hata dakika moja. Virusi vya HPV huwapata wote, lakini saratani ya mlango wa kizazi ni ya wanawake, na chanjo hukinga vizuri zaidi binti akiipata kabla hajaanza kujamiiana. La kwa nini wanawake huchanjwa pepopunda ni jepesi vilevile: kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu kichanga huambukizwa, na kinga ya mama aliyechanjwa humfikia mtoto tangu akiwa tumboni.

Kwa hiyo naiomba wizara: kabla gari halijafika shuleni, wazazi waitwe kikao, aje nesi wanayemfahamu, na apewe muda wa kutosha kujibu kila swali, hata lile la kufunga uzazi.