Ukitaka kuwa kinyozi, tafuta kiti kabla ya fremu

Tangu niache upagazi wa Kilimanjaro nikashika mashine ya kunyolea hapa Moshi, wanaonipigia simu kutaka ushauri wa kubadili kazi huanza karibu wote na swali moja: fremu ya saluni pale Majengo inakwenda shilingi ngapi? Wengine wameshachagua hadi rangi ya ukuta. Mmoja, mwalimu aliyechoka kusubiri mshahara, tayari alikuwa na televisheni kubwa na sofa la wateja. Nikamuuliza, mwalimu, umewahi kumnyoa nani? Akacheka. Akasema ataajiri vijana.

Mimi naona huyo anafungua biashara, na si vibaya, ila asiseme amekuwa kinyozi. Na hata hiyo biashara itamsumbua, kwa sababu katika kazi yetu mteja ni wa kinyozi, si wa saluni. Kijana akihama Majengo akaenda Pasua, vichwa vinamfuata hukohuko. Wenye saluni wanalijua hilo, ndiyo maana mmoja wao akigombana na kinyozi wake mzuri Jumatano, Ijumaa ameshamwita wayamalize. Mwenye fremu asiyejua kunyoa anabaki na vioo vyake, na kodi ambayo kwetu mwenye nyumba anaitaka miezi sita mbele kama si mwaka, na dalali naye ana chake.

Kiti hakina gharama hizo. Unaingia kwenye saluni ya mtu, mnakubaliana: ama unapeleka hesabu ya siku kama dereva wa bodaboda, ama mnagawana kila kichwa nusu kwa nusu. Anayeanza achukue nusu kwa nusu. Hesabu haiulizi kama mvua imenyesha kutwa.

Nilikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro tunavyoitana. Mzigo wa mteja mwisho kilo 20, unapimwa getini, unapanda nao, unashuka, unasubiri bakshishi. Masika ya Aprili na Mei yakishika, geti la Machame kimya, na mfukoni kimya. Mwaka 2020 ndege za nje ziliposimama, Moshi nzima ilielewa inavyoutegemea uwanja wa ndege wa KIA. Nywele za watu hazikusimama. Hiyo ndiyo sababu yangu, wala sina nyingine ya kupamba. Baba mdogo aliniuliza, "Yaani umeacha wazungu ukashike vichwa vya watu?" Nikamjibu ndiyo baba, na kichwa chako nitakinyoa bure. Anakuja mpaka leo.

Lakini asikudanganye mtu kwamba kinyozi hana msimu. Wachaga wanapoanza kurudi nyumbani Desemba, wiki ya Krismasi hapa mjini hukai. Watu wanatoka Dar es Salaam na Mwanza na vichwa vya safari, kila mmoja anataka kupanda kijijini amependeza, baba na wanawe wanne kwenye benchi moja. Januari wanakuja wanafunzi, maana shule zinataka nywele fupi na mzazi ameshaishiwa, kwa hiyo ni buku mbili, wakati mwingine buku mbili kwa wawili. Halafu Februari unakaa mlangoni unahesabu bajaji.

Sasa ufundi wenyewe. Kupunguza nywele mtu mwenye mkono mtulivu anashika mapema. Kinachomtoa jasho mgeni ni kuchonga, yaani kunyoosha mstari wa nywele juu ya paji. Anachonga upande wa kulia, anaona wa kushoto umeshuka kidogo, anaupandisha. Sasa wa kulia ndio umeshuka. Anaupandisha. Kidogo kidogo paji la uso limefika utosini, na mteja ana harusi kesho. Mimi nilifundishwa kuanza katikati ya paji, kwa miguso midogo, nikifuata pale nywele zenyewe zinapoishia, kisha ndiyo nielekee pembeni huku kidole gumba kimevuta ngozi. Mzee mmoja wa Njoro hukaa kitini na onyo lake tayari: "Kijana, usinipandishe. Nilizonazo ndizo hizohizo." Nasema sawa mzee wangu, na kweli sigusi zaidi ya vumbi la juu.

Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, na pale saluni hilo ni jambo la kazi kabisa. Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaja, tunanyoana. Mgeni anafanya mazoezi ya fedi, ule mtindo wa nywele zinazofifia kuelekea chini, kwenye kichwa cha mwenzake, ambaye anajua nini kinaendelea nyuma ya sikio lake na hanyamazi. Katika fremu yako mwenyewe, na vijana uliowaajiri, nani atakwambia bosi umekata vibaya?

Kuna na ngozi, ambayo watu wa televisheni na sofa hawaiulizi. Mtoto anakuja na mapunye, mama yake anasema ni vumbi tu. Mapunye ni fangasi, yanaambukiza, na mashine yako ndiyo gari lake. Mtoto yule anahitaji zahanati kwanza, na kumwambia mama yake hivyo mbele ya watu bila kumwaibisha ni ufundi pia. Ndevu zetu zilizojikunja, ukizinyoa mpaka chini kabisa, zikianza kuota zinageuka na kuingia ndani ya ngozi, na hapo ndipo vipele vya shingoni vinapotoka. Wengi wanadhani ni wembe mchafu. Mtu wa hivyo namwachia kivuli cha ndevu, hata kama anataka zing'are.

Uchafu nao upo, tusidanganyane. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuwa hai nje ya mwili kwa siku 7 na zaidi, na tone la damu la kuvibeba huwezi kuliona kwa macho. Wembe wa mkononi ni mpya kwa kila mteja, basi. Meno ya mashine unayapiga brashi mpaka nywele na mafuta yatoke, ndipo spiriti. Kile kisanduku chenye taa ya bluu kinampendeza mteja, ila taa inafika pale inapomulika tu. Kuyatia humo meno yenye uchafu ni maigizo.

Umeme sitausema sana. Mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa Februari 2024, ulituonyesha nani ana mashine ya chaji. Nunua ya chaji.

Na cheti? Yule mwalimu wa televisheni na sofa aliona aibu kukaa chini ya kijana wa darasa la saba. Kama shida ni karatasi, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia ufundi kazini na kumpa cheti. Nenda ofisi yao ukaulize fani yako. Lakini wanapima ulichonacho mkononi, na mkono unaupata kwa yule kijana wa darasa la saba.

Fremu ina wakati wake. Ukiona siku ya mapumziko wateja wanakupigia simu kuuliza uko wapi, na wakiambiwa haupo hawakai kwa mwingine, hapo anza kuongea na dalali. Kwa sasa tafuta kiti, na ukitafute Februari au Machi, wakati fundi ana muda wa kusimama nyuma yako na kukushika mkono. Ukija Desemba utafagia nywele tu.