Kigae Kilicholipiwa Nauli

Ukitaka kujua nyeupe ziko ngapi duniani, oa, halafu mwende pamoja kununua vigae. Mimi nilidhani iko moja. Kwenye duka lile la Barabara ya Mombasa, chini ya taa zinazoweza kuwasha kijiji kizima, muuzaji alitupangia nyeupe ya maziwa, nyeupe ya mfupa, nyeupe ya lulu, na nyingine aliyoiita tu "nyeupe safi". Mke wangu akazikagua kwa kufinya macho.

"Hii ina baridi," akasema. "Na hii imechoka."

Nikachuchumaa, nikaitazama ile iliyochoka. Ilikuwa nyeupe.

Muuzaji alikuwa kijana wa suruali ya kubana na maneno mengi. Alitupitisha Uhispania, akatupeleka Morbi kule India, akaturudisha hapa nyumbani Kajiado, vyote hivyo bila kuondoka kwenye rafu moja. Kisha akageuza kigae cha ukutani, akalamba kidole gumba, akakibandika mgongoni mwa kigae. Mate yakanywewa papo hapo. "Hii ni seramiki ya kawaida," akasema. "Inakunywa maji. Nyuma ya sinki sawa, lakini sebuleni watoto wataimaliza." Akalamba tena, akabandika kwenye poseleni. Safari hii mate yakabaki pale juu yakimeremeta, hayana pa kwenda. "Imechomwa kwa moto mkali ikashikana. Maji inayonywa hayafiki hata nusu asilimia." Mke wangu akavutiwa sana. Mimi nilikuwa nawaza kidole kile kimelambwa mara ngapi tangu asubuhi.

Tukachukua nyeupe ya mfupa, ya kung'aa, sentimita 60 kwa 60, vipande vinne kwa katoni. Jirani alipoona vikishushwa alisema maneno mawili tu: "Nyeupe? Utawala?" Anayeujua udongo mweusi wa mtaa wetu huu wa Utawala, Nairobi, ataelewa. Mvua ikinyesha kidogo tu, unatoka nyumbani na viatu vya kawaida, unafika barabarani na vya kilo mbili kila mguu.

Sasa Fundi. Fundi wetu hapimi kwa tepu. "Tepu hulegea, bosi," aliniambia. "Mguu wangu haulegei." Akaanza ukutani, kisigino kikigusa kidole, midomo ikihesabu. Alipofika katikati ya sebule simu ikalia. Akasimama papo hapo kwa mguu mmoja mbele, akazungumza habari za mbuzi wa shemeji yake huko Machakos, bei yake, kwato zake, na kwa nini asiuzwe kabla ya Krismasi. Akakata simu, akatazama dari kidogo, akaendelea na hesabu kutoka namba aliyoipenda.

Mke wangu akamwomba aongeze asilimia kumi, maana vigae hukatwa pembeni na vingine huvunjika. Fundi akacheka kwa huruma. "Mama, kuvunjika ni kwa mafundi wa juzi."

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, lazima niseme. Aliichanganya gundi na maji kwa kijiti mpaka ikalainika, akaweka vijisalaba vyake vya plastiki, akagonga kila kigae kwa nyundo ya mpira huku ameinamisha sikio. Alianzia dirishani akirudi nyuma kuelekea mlangoni, na ndiyo sababu upungufu ulijitokeza pale pale mgeni anapokanyaga kwanza. Vilihitajika vinne. Mkononi mwa Fundi kulikuwa na kimoja.

"Duka limetupunja," akatangaza.

Tukapiga simu dukani. Wakasema nyeupe ya mfupa ipo, lakini tusome toni ya rangi iliyoandikwa kwenye katoni. Tukazitafuta katoni. Mtu wa mkono wa Fundi alikuwa amezichoma zote akichemsha chai ya saa nne. Kilichosalia ni kipande kimoja alichokuwa amekipigia magoti, nacho kilikuwa na picha ya glasi na mishale miwili ya kuelekea juu.

Basi ikaamuliwa, sikumbuki na nani ila si mimi, kwamba nibebe kigae chenyewe.

Kigae cha ukubwa huo kina kama kilo saba, na hakuna njia ya kukishika yenye heshima. Mke wangu alikifunga kwa leso, akaacha kona moja wazi ili nisisahau upande wa uso. Nikapanda matatu. Mapajani hakikutoshea kwa sababu ya kiti cha mbele, nikakisimamisha kwenye kiti cha pembeni.

"Mzee, hiyo TV ni inchi ngapi?" konda akauliza.

"Si TV. Ni kigae."

"Cha wapi?"

"Cha sebuleni."

"Na sebule iliyobaki iko gari gani?"

Gari zima likacheka, dereva akiwemo. Konda akanyoosha mkono. "Kilichokaa kiti kinalipa. Hamsini."

Mama mmoja mwenye kikapu cha parachichi akanitetea. "Wewe kijana, mtoto wa kubebwa halipi."

"Mtoto wa kubebwa anabebwa, mama. Huyu amekaa."

Hoja hiyo haikuwa na jibu. Nikalipa. Na kwa kuwa kilikuwa abiria kamili, watu wakaanza kukizoea. Dada wa nyuma yangu aliomba nifunue leso kidogo, akajitazama na kuweka wigi sawa. Mwanamume mwenye tai akataka kujua bei ya katoni na kama naleta mpaka Ruai. Nilipokaribia steji ya Bellevue, konda alikishika kwa mikono miwili, akapiga bodi ya gari na kupaza sauti: "Dere, pole pole, shukisha mama na mtoto!"

Dukani, yule kijana alileta nyeupe ya mfupa mpya akaiweka kando ya yangu. Jina moja, kiwanda kimoja. Ilikuwa meno ya mtoto kando ya meno ya mvuta sigara, na mvuta sigara ndiye wangu.

"Udongo huchimbwa, bosi, na moto ni moto," akanieleza. "Kila mpiko hutoka na toni yake. Hata vipimo huhitilafiana kwa milimita. Ndiyo maana tunaandika kwenye katoni. Yako iko wapi?"

"Tuliinywa," nikamwambia.

Akanielekeza kwenye ghala lao la Industrial Area, ambako mabaki ya mipiko ya zamani huenda kufia. Nikapanda boda, kigae kikiwa kati yangu na mwendeshaji, kimesimama. Kwenye Enterprise Road upepo wa malori ulipokipiga, pikipiki ilihama njia peke yake. "Mzee, kilaze!" akapiga kelele. "Tutaruka!" Kukilaza maana yake kingo mbili zitokeze kando, kwenye barabara iliyojaa malori. Tukakubaliana niendelee kukisimamisha, ila yeye aendeshe mwendo wa mazishi.

Ghalani nilimkuta mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza jina wala toni. Alikifunua kigae, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua, akakipapasa, akaingia ndani kwenye giza bila tochi. Alirudi na vitatu. Akavipanga na changu sakafuni, akavichanganya kama mchezo wa karata tatu wa mjini, akaniuliza changu ni kipi. Sikujua. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshaanza kuandika risiti.

Kurudi nilichukua teksi. Vinne ni familia, na makonda nawajua.

Fundi alivipokea kwa shangwe. Akakining'iniza kimoja kwa vidole viwili, akakigonga kwa ukucha, kikalia ting. "Sikia hiyo! Hii hata lori ipite." Mke wangu akasema sawa, viweke basi. Lakini Fundi alikuwa na hadhira, mimi, mke wangu, mtu wa mkono na jirani wa nyeupe Utawala. Akakilaza kigae chini, juu ya saruji kavu ambako punje ya kokoto ilikuwa imejilalia, akakipanda kwa miguu yote miwili, ile ile isiyolegea.

Poseleni ikilala juu ya gundi, lori kweli inaweza kupita. Ikilala juu ya kokoto moja, Fundi anatosha.

Tak.

Pakawa kimya. Fundi alishuka taratibu, akainama, akapitisha kidole kwenye ufa. "Hiki kilitoka na jeraha la safari," akasema, akanitazama mimi.

Ghala lilikuwa limekwisha. Mke wangu hakusema neno, akaingia jikoni, tukasikia sufuria. Fundi akakuna kichwa, akaenda bafuni, akarudi na vigae vinne vya kahawia vya sentimita 30, vile vyenye mikwaruzo visivyoteleza. Kule bafuni, kumbe, miguu yake ilikuwa imezidisha. Vinne vya 30 hujaza nafasi ya kimoja cha 60. Kabla chai haijaiva, sebule yetu nyeupe ikawa na mraba wa kahawia katikati ya mlango.

Mvua ikanyesha wiki hiyo hiyo. Mama mkwe alifika na tope mpaka vifundoni, akauona ule mraba, akasimama juu yake, akajifuta miguu vizuri, kushoto, kulia, kisha akaingia ndani kwenye weupe. "Hapo mmefikiria," akamwambia binti yake. Tangu hapo kila mgeni hufanya hivyo bila kuambiwa. Jirani naye alikuja na tepu, akapima ule mraba pande zote, akaomba namba ya Fundi.

Jioni hiyo Fundi alinitumia hesabu ya mwisho kwenye simu. Kubandika, kukata, grauti, usafiri wake. Na chini kabisa: "Dizaini ya mlangoni, 1,500."