Bingwa wa Mayai 41

Daftari langu lilisema kuku wangu Malkia ametaga mayai 41 kwa siku 30. Nikapiga mstari mwekundu chini ya hiyo 41 na kujipongeza. Wala sikujiuliza. Kuku huchukua saa 25 hivi kutengeneza yai moja, na takriban 20 kati ya hizo ni za gamba tu, kwa hiyo hata mtagaji hodari hulazimika kuruka siku mojamoja. Malkia hakuruka. Siku nyingine alitaga matatu.

Lilikuwa kundi la mchanganyiko: majike 12, jogoo 1 mwekundu, viota 3. Hesabu nzuri kabisa, ila kuku hana habari na hesabu. Anapenda kutaga pale mwenzake alipokwisha kutaga, basi wote 12 walipanga foleni kwenye kiota cha kona, vingine viwili vikabaki kulaliwa na buibui. Nami nilikuwa na utaratibu wangu: asubuhi, mchana na jioni nachungulia, na nitakayemkuta kiotani ndiye mwenye mayai.

Malkia nilimkuta kila mara. Wenzake walimpanda mgongoni, wakataga, wakashuka. Yeye akayavuta kwa mdomo na kuyaficha chini ya kifua.

Dalili zote za kuku aliyeacha kutaga ili aatamie nilikuwa nazo mikononi. Nikimgusa anavimba na kunguruma. Nikasema bingwa lazima awe na maringo. Upanga wa kichwani umepauka na kusinyaa. Nikasema kazi ni nyingi. Kifua kimenyonyoka, kwa sababu kuku anayetaka kuatamia hujing'oa manyoya ili ngozi iguse mayai. Mimi nikasema ni msuguano. Alitoka mara moja tu kwa siku, akaacha donge la kinyesi linalokaribia ukubwa wa yai, lenye harufu ya kutoa machozi. Hilo nililisifu: mmeng'enyo mzuri.

Nikachagua mayai 12 "yake" ya kuendeleza ukoo. Hapo sikufanya uzembe hata kidogo: umbo la kawaida, gamba safi lisilo na ufa, hakuna lililozidi siku 7, ncha ikiangalia chini. Mashine ya kutotolesha nyuzi 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55, kugeuza mara 5 kwa siku. Siku ya 18 nikaacha kugeuza na kupandisha unyevu hadi karibu 70, maana ukiwa mdogo utando hukauka na kumnasa kifaranga ndani.

Siku ya 21 akatoka wa kwanza. Shingo tupu, kama aliyevaa fulana iliyopanuka kola. Malkia ana manyoya hadi kidevuni. Jogoo pia. Sifa ya kishingo haina kujificha: kifaranga akiwa nayo, mzazi mmojawapo lazima awe nayo, na mwenye shingo tupu bandani alikuwa mmoja tu, jike niliyekwisha kumpangia sufuria kwa sababu sikumkuta kiotani hata siku moja.

Walitoka 9. Vishingo 3, weusi 2 wenye doa jeupe kichwani, waliobaki rangi ya kila mtu. Hao wenye doa ni watoto wa kuku wangu wa mistari, Plymouth Rock. Ukimpandisha kwa jogoo mwekundu, wanaume huzaliwa na doa na wanawake hawana. Kwa hiyo nilijua jinsia yao kabla hawajakauka. Mama wa ukoo mzima, kwa kumbukumbu zangu, alikuwa Malkia.

Usiku ule nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikamshika Malkia, nikapima nafasi kati ya mifupa ya nyonga: kidole kimoja hakikupita vizuri, wakati anayetaga hupitisha viwili au vitatu. Tundu la kutagia dogo, kavu. Kishingo akapitisha vitatu, tundu pana na lenye unyevu. Bado nilitaka ushahidi wa yai lenyewe, na njia rahisi ni kupaka rangi kidogo kwenye tundu jioni, kuku mmoja kwa usiku. Yai la kesho hutoka na mchirizi. Rangi iliyokuwa karibu ilikuwa ya mdomo, na haikuwa yangu.

Kishingo akatoa mayai yenye mchirizi mwekundu siku 5 kati ya 6 nilizompaka. Anaingia, dakika kumi na tano, anatoka, hana kelele. Malkia nikampaka wiki nzima. Kilichopata wekundu ni vidole vyangu tu.

Nikamhamishia kwenye kizimba chenye sakafu ya waya kilichoinuliwa juu, maji na chakula tele, bila majani. Hewa ikipita chini ya tumbo, hamu ya kuatamia hupoa. Siku ya 4 alikuwa anatembea kama kuku, na kutaga kulirudi baada ya wiki tatu hivi. Mayai manne kwa wiki.

Mwenye rangi alifungua kifuniko Jumapili asubuhi, akakuta ncha imelika upande mmoja na kiunyoya kimenata juu yake. Nikaanza kumweleza habari za tundu la kutagia. Akanyoosha mkono ninyamaze, kisha akauliza swali moja tu: tangu lini?