Evergrande, ardhi ya serikali na bili iliyomfikia mnunuzi

Mjadala wa uchumi wa China kwa Kiswahili una kambi mbili. Kambi moja inaizika China kila mwaka, na kila mwaka marehemu anaamka na kwenda kazini. Kambi nyingine inasema Mchina hakosei, kila linalotokea lilishapangwa tangu enzi za Deng Xiaoping, kiongozi aliyeanzisha mageuzi ya uchumi wa nchi hiyo, hata makosa ni mkakati. Katika suala la nyumba, yaani kuanguka kwa biashara ya kujenga na kuuza nyumba China, kila kambi imejiokotea ushahidi wake na kuondoka nao mbio, kwa hiyo nataka kulitazama taratibu.

Yaliyotokea ni haya. Agosti 2020 serikali ya Beijing iliziwekea kampuni kubwa za kujenga na kuuza nyumba masharti matatu, yaliyokuja kuitwa mistari mitatu myekundu. Madeni yasizidi asilimia 70 ya mali, bila kuhesabu fedha zilizotangulizwa na wateja. Deni halisi, yaani mikopo ukitoa fedha taslimu, lisizidi mtaji wa wenye kampuni. Fedha taslimu zitoshe kulipa madeni ya muda mfupi. Atakayevuka yote matatu, asiongezewe mkopo. Evergrande, iliyoanzishwa Guangzhou mwaka 1996 na Xu Jiayin, ilikuwa imevuka yote matatu. Septemba 2021 ikashindwa kulipa riba ya hatifungani zake za dola, huku ikidaiwa zaidi ya dola bilioni 300. Oktoba 2023 ikafuata Country Garden, kampuni nyingine kubwa ya nyumba, ambayo wengi waliiona kama mwanafunzi mtiifu darasani. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Hong Kong ikaamuru Evergrande ifilisiwe, na Agosti 2025 hisa zake zikaondolewa kwenye soko la hisa la huko.

Je, Beijing ilifanya sawa kukaza kamba? Kabla ya kujibu inabidi kujua nani alikuwa anakula kwenye biashara hii, maana Evergrande haikuwa peke yake mezani.

Mwaka 1994 serikali kuu ilibadili mgawanyo wa kodi na kujichukulia sehemu kubwa zaidi, lakini shule, hospitali na barabara zikabaki mikononi mwa serikali za mikoa na miji. Mwaka 1998 utaratibu wa mwajiri kumgawia mfanyakazi nyumba ukafutwa, watu wakaambiwa wanunue. Hapo ndipo miji ilipogundua kisima chake. Ardhi ya mjini China ni mali ya serikali, na mnunuzi hupata haki ya kuitumia kwa miaka 70. Msomaji wa Tanzania, mwenye hati ya miaka 33 au 99, hahitaji maelezo marefu hapo. Serikali ya mji inachukua mashamba ya pembezoni, inawafidia wanakijiji kwa bei ya shamba, inapitisha barabara, kisha inapiga mnada viwanja kwa bei ya mjini. Mwaka 2021 mauzo ya ardhi yaliziingizia serikali hizo yuan trilioni 8.7. Bei ya nyumba ikipanda, bei ya kiwanja inapanda, na meya anajenga reli ya chini ya ardhi na kupandishwa cheo. Ukisikia mtu anailaumu Evergrande kwa ulafi, mkubalie, kisha muulize viwanja ilikuwa inanunua kwa nani.

Sasa mfuate mnunuzi. Sehemu kubwa ya nyumba mpya China zimekuwa zikiuzwa kabla ya kujengwa. Vijana wawili wanataka kuoana, na wazazi wa msichana wanauliza nyumba iko wapi. Wachina huzungumzia "pochi sita", yaani wazazi na mababu wa pande mbili wanavyochangishana malipo ya awali. Wakishalipa, benki inatoa kiasi kilichobaki, kwa mkopo unaoweza kufika miaka 30. Marejesho yanaanza mara moja, wakati nyumba yenyewe bado ni shimo lenye nondo. Kisheria fedha hizo zinatakiwa kukaa kwenye akaunti maalumu inayosimamiwa na mamlaka za mji, zitoke kidogo kidogo kadiri ghorofa zinavyopanda. Kwa vitendo, kampuni ilizichomoa mapema ikanunulia kiwanja kingine, ikauza nyumba za hapo kabla ya kujenga, ikanunua kingine tena, na msimamizi akiwa ni yule yule muuza ardhi, nani angepiga kelele?

Mkopo ulipokatwa mwaka 2020, mzunguko huu ulisimama, na winchi zikasimama pamoja nao. Huko Guilin waandishi wa habari waliwakuta wanunuzi waliohamia kwenye jengo lisilokwisha, bila umeme wala maji ya bomba, wakipanda ghorofa kwa ngazi kwa sababu mahali pa lifti ni tundu tupu. Walishindwa kulipa kodi ya pango na rejesho la benki kwa wakati mmoja. Juni 2022 wanunuzi wa mradi mmoja wa Evergrande mjini Jingdezhen, mji maarufu kwa vyombo vya kaure, waliandika barua: kazi isiporejea kabla ya Oktoba, tunaacha kulipa benki. Ndani ya wiki chache barua za namna hiyo zikawa zimetoka kwenye miradi zaidi ya 300 nchini.

Watetezi wa Beijing wana hoja, na si hoja nyepesi. Ya kwanza ni hesabu ya watu. Watoto waliozaliwa China mwaka 2016 walikuwa karibu milioni 18; mwaka 2023 walikuwa milioni 9. Mwaka 2022 idadi ya watu ilipungua kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1961. He Keng, aliyewahi kuwa naibu mkuu wa idara ya takwimu ya taifa, alisema hadharani mwaka 2023 kwamba huenda hata Wachina wote bilioni 1.4 wasitoshe kuzijaza nyumba zilizo tupu. Kuendelea kukopesha ujenzi wa namna hiyo kungekuwa kuahirisha anguko na kulikuza. Xi Jinping amekuwa akisema tangu mwishoni mwa 2016 kwamba nyumba ni za kukaa, si za kulangua, na wakubwa wa sekta walidhani ni wimbo tu wa mkutanoni.

Ya pili ni kwamba hakukuwa na siku ya Lehman Brothers, benki ya Marekani ambayo kuanguka kwake mwaka 2008 kulitikisa benki nyingine. Kampuni yenye deni linaloshinda pato la nchi nyingi imekufa, na foleni za watu wanaokimbilia kutoa akiba kwenye benki kubwa hazikuonekana. Benki hizo ni za serikali, zikiambiwa zisubiri zinasubiri. Ukikumbuka Marekani 2008, hilo si jambo dogo.

Ya tatu ni kwamba mikopo haikupotea, ilihama. Ilielekezwa viwandani, kwenye magari ya umeme, betri na paneli za jua. Mwaka 2023 China iliipita Japani na kuwa nchi inayouza nje magari mengi kuliko zote. Na udanganyifu ulianikwa: Machi 2024 mamlaka ya masoko ya hisa na mitaji ya China ilisema kampuni tanzu kuu ya Evergrande ilijiongezea mapato hewa ya yuan bilioni 564 katika vitabu vya 2019 na 2020. Mkaguzi wake, tawi la PwC la China Bara, alifungiwa miezi sita na kupigwa faini.

Wakosoaji nao wanauliza kuhusu wakati na namna. Masharti yalikuja katikati ya Uviko. Mwaka 2021 yakafuatana na msako dhidi ya kampuni za mtandaoni na amri iliyoua karibu biashara yote ya masomo ya ziada, sekta iliyoajiri wahitimu kwa wingi. Milango mitatu ya ajira ikafungwa kwa mpigo. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, na mwezi Agosti serikali ikaacha kuitangaza takwimu hiyo hadi ilipopata namna mpya ya kuihesabu, isiyojumuisha wanafunzi. (Kuvunja kipimajoto homa inapopanda si ugonjwa wa Wachina peke yao, lakini wao walifanya mchana kweupe.)

Halafu kuna mali ya watu. Utafiti wa benki kuu ya China wa mwaka 2019 ulikuta kwamba nyumba ni karibu asilimia 60 ya mali zote za familia za mijini, na kwamba familia 96 kati ya 100 zina nyumba. Soko la hisa hawaliamini, na kutoa fedha nje ya nchi kuna vikwazo. Nyumba ndiyo iliyokuwa pensheni, bima ya ugonjwa na mahari ya mtoto. Bei ikianza kushuka, mtu ambaye hajapoteza kazi wala hajauza chochote anajiona maskini, anaacha kubadilisha gari, anaacha kwenda mgahawani. Mwaka 2021 ziliuzwa nyumba mpya za karibu mita za mraba bilioni 1.8, mwaka 2024 hazikufika hata bilioni moja.

Mimi naona masharti ya 2020 yalihitajika, tena yalichelewa miaka kadhaa. Wanaosema Beijing ingeacha soko lijirekebishe lenyewe wanasahau kwamba soko lenyewe lilikuwa serikali inauza ardhi kwa mkopo wa benki ya serikali. Tatizo ninaloliona liko kwenye mpangilio wa nani aumie kwanza. Masharti yaliigusa kampuni, yakaacha mambo mawili yaliyoizaa: nyumba kuuzwa kabla ya kujengwa, na miji kuishi kwa kuuza ardhi. Kwa hiyo mshtuko ulipita kwenye kampuni kama maji kwenye chujio, ukatua kwa aliyeshalipa.

Yule mnunuzi hana pa kujificha. Marekani mwaka 2008 familia ziliacha kulipa zikanyang'anywa nyumba, na katika baadhi ya majimbo deni liliishia hapo. China familia inalipia nyumba ambayo haipo, na ikiacha kulipa deni linabaki pale pale, kwa sababu hakuna sheria ya taifa zima inayomruhusu mtu binafsi kujitangaza kafilisika. Shenzhen ndiyo iliyoanza kuijaribu mwaka 2021. Mahakama ikikuingiza kwenye orodha ya wadaiwa sugu, hununui tiketi ya ndege wala ya treni ya mwendo kasi.

Kulalamika nako kuna mipaka. Mwezi ule ule wa barua ya Jingdezhen, watu waliotaka kwenda Zhengzhou kudai akiba zao zilizokwama katika benki ndogo za vijijini mkoani Henan waliona alama ya afya kwenye simu zao, iliyoamua nani aruhusiwe kusafiri wakati wa Uviko, imegeuka nyekundu, kama vile ni wagonjwa, wakakwama. Waliofanyiwa hivyo walikuwa zaidi ya 1,300. Maofisa watano waliadhibiwa, na hilo liwekwe kwenye rekodi pia.

Tuwe wa haki: mgomo wa wanunuzi ulisikika. Mwishoni mwa Julai 2022 Ofisi ya Siasa, kundi la viongozi wa juu wa Chama cha Kikomunisti kinachotawala, iliagiza nyumba zilizouzwa zikabidhiwe, na ikazibebesha serikali za mikoa na miji jukumu hilo. Januari 2024 ukaja utaratibu wa orodha ya miradi inayostahili kukopeshwa ikamilike. Mei mwaka huo benki kuu ikatenga yuan bilioni 300 ili kampuni za serikali za mitaa zinunue nyumba zisizouzika na kuzifanya za gharama nafuu. Lakini tazama nani aliagizwa abebe mzigo: hizo hizo serikali ambazo mapato yao ya ardhi yalikuwa yameshuka kutoka yuan trilioni 8.7 hadi chini ya trilioni 5 mwaka 2024. Novemba 2024 ilibidi Beijing itangaze mpango wa yuan trilioni 10 wa kubadilisha madeni yao yaliyofichwa yawe madeni rasmi yenye riba ndogo.

Mambo haya hayakubaki China. Chuma ambacho wakandarasi wa huko hawakukihitaji kilitafuta wateja wengine. Mwaka 2024 China iliuza nje tani zaidi ya milioni 110, na sehemu yake inashushwa Mombasa na Dar es Salaam. Anayeezeka nyumba anashukuru bei, mwenye kiwanda cha chuma hashukuru. Paneli za jua na magari yamefuata njia hiyo hiyo. Kiwanda kilichopewa mkopo kimezalisha, familia iliyopoteza thamani ya nyumba hainunui, basi bidhaa zinapanda meli. Ziada ya biashara ya China ilikaribia dola trilioni moja mwaka 2024. Mwaka huo huo Marekani iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari yake ya umeme, na Umoja wa Ulaya ukaongeza hadi asilimia 35.3 juu ya ile 10 ya kawaida. Hoja ya tatu ya watetezi, kwamba mikopo ilihamia kwenye uzalishaji, ni ya kweli, lakini haina nusu ya pili: nani atanunua.

Kwa hiyo kuhusu miaka inayokuja siangalii bei za nyumba za Shanghai. Naangalia ahadi mbili zilizoandikwa kwenye azimio la mkutano wa Kamati Kuu ya chama wa Julai 2024: kurekebisha mfumo wa kuuza nyumba kabla hazijajengwa, na kuziachia serikali za mikoa sehemu ya kodi ya baadhi ya bidhaa. Kodi ya majengo ya kila mwaka, ambayo ndiyo ingewapa mameya mapato yasiyotegemea mnada, imekuwa ya majaribio Shanghai na Chongqing tangu 2011. Mpango wa kuipanua uliopitishwa Oktoba 2021 uliwekwa kando miezi michache baadaye. Kuuza nyumba iliyokamilika, kwa upande mwingine, kunawezekana. Mkoa wa Hainan umekuwa ukilitaka hilo kwa viwanja vipya tangu Machi 2020. Mikoa mingine ikifanya hivyo, kampuni italazimika kuja na mtaji wake kabla ya kuchimba msingi, itanunua viwanja vichache, na hazina za miji zitapungukiwa tena, safari hii bila Evergrande ya kutupiwa lawama.