"Asante Mwalimu," "Shikamoo Madam"

Nilirudisha karatasi za jaribio la Fizikia, kidato cha tatu. Kijana mmoja alipata 38. Aliitazama karatasi yake, akaikunja, akanyamaza. Kengele ilipolia nikaenda zangu ofisini, na huko nikamkuta amesimama kwenye meza ya mwalimu mwenzangu wa kiume. Mwenzangu ameshika kalamu, anajumlisha upya alama nilizotoa mimi. Yeye anafundisha Jiografia. Zikatoka 38 zile zile. Kijana akamwambia, "Asante Mwalimu." Aliponipita mlangoni akasema, "Shikamoo Madam."

Nafundisha hapa Mwanza, shule ambayo upepo ukivuma kutoka Kirumba unatuletea harufu ya dagaa mpaka darasani. Miaka yote hiyo wenzangu wa kiume wanaitwa Mwalimu, mimi naitwa Madam. Watoto hawana nia mbaya, wamelikuta jina hilo kama tulivyolikuta sisi. Lakini katika nchi hii "Mwalimu" si neno dogo. Ukilitamka peke yake, bila jina mbele yake, kila mtu anajua unamsema Nyerere. Na mkewe, Mama Maria, naye alisomea ualimu, huku huku kwetu Sumve, akafundisha shule ya msingi Nyegina, Musoma. Yeye tunamwita Mama. Ni heshima kubwa, siikatai, ila mara chache utamsikia mtu akikumbuka kwamba nyumba ile ilikuwa na walimu wawili.

Kinachoniumiza zaidi ya jina ni jinsi ukali wetu unavyosomwa. Mwalimu wa kiume akifoka kwa sababu darasa zima halijafanya kazi, wanafunzi wanasema yule yuko siriasi na somo lake. Nikifoka mimi kwa kosa lile lile, sababu inatafutwa nyumbani kwangu. Kagombana na mumewe. Ana mimba. Leo yuko kwenye siku zake. Mwenzangu ambaye hajaolewa ndiye anayepata tabu kuliko wote, maana kila alama ya chini anayotoa inaelezwa kwa neno moja: hajaolewa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshindwa swali la mwendokasi hajiulizi ameshindwa wapi. Ameshapata jibu, na jibu lenyewe ni ndoa yangu.

Nikiwa mpole ndiyo basi tena, nimekuwa mama yao, na kwa mama kazi inaweza kuchelewa.

Kuna jaribio lililofanywa Marekani, katika chuo kimoja cha North Carolina, matokeo yake yakachapishwa 2015. Kozi ilifundishwa kwa intaneti, wanafunzi hawakuwaona walimu. Walimu wasaidizi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na jingine kwa jina la mwenzake. Kazi zote zilirudishwa kwa wakati mmoja. Wanafunzi walipoulizwa, kwa kipimo cha 1 mpaka 5, mwalimu anarudisha kazi kwa wakati kiasi gani, aliyedhaniwa mwanamume alipewa 4.35, na aliyedhaniwa mwanamke 3.55. Wanafunzi wenyewe hawakufika 50, kwa hiyo sitaki kulibebesha jaribio hilo zaidi ya uzito wake. Lakini niliposoma habari ile niliiona karatasi yangu ya 38 ikifunguliwa tena.

Haya hawayatoi mitaani peke yake, tunawafundisha wenyewe pale shuleni. Mgeni akija kutoka wilayani, anayeinuka kuandaa chai ni mwanamke, hata kama ana kipindi dakika ileile. Mtoto akisumbua, wengi wetu wanawake tunamtishia kumpeleka kwa mwalimu wa kiume. Nimelifanya hilo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nawaambia watoto kwamba mamlaka yangu yanakaa mezani kwa mtu mwingine. Nimeacha.

Mwenzangu wa Jiografia nilimfuata siku ileile jioni. "Kaka, karatasi yangu akija nayo mtu, mrudishe kwangu." Akashangaa kweli. "Dada yangu, nilikuwa namsaidia tu kijana." Namwamini, si mtu wa dharau. Nilimweleza kwamba alipochukua kalamu tu alikuwa ameshamkubalia yule kijana kuwa hesabu yangu ni ya kukaguliwa. Alikaa kimya muda mrefu, hatukuongea tena mpaka kesho yake.

Juzi akaja binti mmoja na daftari la Hisabati lililosahihishwa na mwalimu mwingine wa kike. Nilikuwa nimekaa pale pale. Mwenzangu hakulifungua. Alimwambia, "Nenda kwa Mwalimu wako, yuko kidato cha pili B."