Baba Mdogo Si Mjomba, Hata kwa Kihispania

Juzi jioni, hapa Nkuhungu, Dodoma, binti wa dada yangu, anayejifunza Kihispania kwa matumaini ya kuwaongoza watalii kwenye michoro ya miambani ya Kolo, aliniletea orodha ya maneno ya ukoo ili nimsikilize. Mstari wa nne ulisema: tío, mjomba. Kwa kuwa mjomba wake ni mimi, pengine nilipaswa kushukuru kwa kukabidhiwa neno zima peke yangu. Lakini baba yake mdogo, aliyekuwa palepale akimenya karanga, aliuliza yeye ameandikwa wapi. Hakuandikwa popote.

Nina hakika aliyeandaa orodha ile aliipitisha kwanza kwenye Kiingereza, akakuta huko neno moja la jumla, kisha akaona mjomba anatosha. Hatoshi. Tío ni ndugu wa kiume wa baba au wa mama, ilhali kwetu baba mdogo ni baba, watoto wake ni kaka na dada zako, na siku ya posa hakai kiti kimoja na mjomba. Mhispania mwenyewe akitaka kuwatenganisha husema tío paterno na tío materno. Kwa nini basi mtoto wa Kitanzania, aliyekwisha kuzaliwa na tofauti hiyo kinywani, afundishwe kwanza kuisahau?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba katika kupanda juu wametuzidi: baba wa babu ni bisabuelo, na baba wa huyo ni tatarabuelo, ambapo sisi huungaunga maneno, ingawa katika kushuka tuna kitukuu, kilembwe na kining'ina. Nawaonea wivu pia kwa majina, maana bingwa wa tenisi Rafael Nadal Parera amebeba Nadal ya baba na Parera ya mama, wakati kwetu jina la mtu kwa kawaida hufuatwa na la baba na la babu, na la mama halimo. (Wasijigambe sana: wazazi kwao ni padres, yaani wingi wa baba.)

Binti aliufuta mstari wa nne na kuuandika upya. Baba mdogo, akiwa ameridhika, akataka kujua mume wa shangazi anaitwaje, na alipoambiwa kwamba jamaa wa namna hiyo, aliyeingia ukoo kwa ndoa, ni tío político, na kwamba político pia ni mwanasiasa, alicheka hadi karanga zikamwagika. Alisema hapa mjini, Bunge linapokaa, wa aina hiyo hawahesabiki.